Neno "Rede" la Kiingereza: Asili, Maana na Historia ya Neno la Shauri

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa lugha wamezoea kuambiwa kwamba neno "shauri" hutafsiriwa kwa Kiingereza kuwa "advice" au "counsel". Tafsiri hiyo si mbaya, na kwa kazi za kila siku yatosha. Hata hivyo, mtu akiyachunguza maneno hayo mawili ataona jambo la kustaajabisha. Hakuna hata moja kati yao lililo la Kiingereza kwa asili. Yote mawili yaliingia kutoka katika Kifaransa, na Kifaransa nacho kiliyarithi kutoka katika Kilatini. Je, Waingereza walioishi kabla ya kushindwa na Wanormani mwaka 1066 hawakuwa na neno la kulitaja shauri? Walikuwa nalo, tena lenye heshima kubwa. Neno hilo ni "ræd", ambalo katika tahajia za baadaye liliandikwa "rede".

Leo Mwingereza wa kawaida halitumii neno hili, na huenda asilielewe akilisikia. Lakini hapiti siku bila ya kumtumia mtoto wake, yaani kitenzi "read", kusoma. Neno la shauri limepotea katika mazungumzo, na neno la kusoma lililotokana nalo limeenea ulimwengu mzima.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hili, maana zake katika Kiingereza cha Kale, na sababu za kusahauliwa kwake. Hoja tutakayoitetea ni kwamba neno la shauri huishi pale baraza linapokaa. Lugha ikiondolewa barazani, neno lake la shauri hudhoofika hata kama wasemaji wake ni wengi, na lugha hiyo ikirudishwa barazani baada ya muda mrefu, neno la zamani si lazima lirudi pamoja nayo. Jambo hili latuhusu sisi tunaofundisha na kuendeleza Kiswahili, kama tutakavyoona mwishoni.

Ndugu za neno "ræd"

Kiingereza ni cha jamii ya lugha za Kijermaniki, ambamo mna pia Kijerumani, Kiholanzi, Kideni, Kiswidi, Kinorwe na Kiaislandi. Neno "ræd" lina ndugu katika lugha hizo. Kijerumani kina "Rat", Kiholanzi kina "raad", Kideni na Kiswidi zina "råd", na Kiaislandi kina "ráð". Maana ya shauri imo katika maneno yote hayo. Kulingana kwa sauti na kwa maana kwaonyesha wazi kwamba neno hili lilikuwamo katika lugha mame kabla ya watu hao kutengana. Nje ya jamii hiyo, wanaisimu hulihusisha na kitenzi cha Kisanskriti "rādh-", chenye maana ya kufanikiwa au kulitimiza jambo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba fikira iliyomo katika mzizi huu si maneno ya mdomo tu. Ni kulitengeneza jambo akilini mpaka lifae.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika lugha hizo ndugu neno hili lingali hai, tena lingali limekaa penye mamlaka. Mjerumani huiita nyumba ya baraza la mji "Rathaus", na baraza linalowakilisha majimbo ya nchi yake huitwa "Bundesrat". Waholanzi huiita mahakama yao kuu "Hoge Raad". Makaburu wa Afrika Kusini, katika jamhuri zao za karne ya 19, waliliita bunge lao "Volksraad", yaani baraza la watu. Kiaislandi humwita waziri wa serikali "ráðherra", bwana wa shauri. Basi hakuna kasoro yoyote katika neno lenyewe iliyolifanya lishindwe kuishi katika zama zetu. Lililolipata neno hili Uingereza halikulipata katika nchi jirani, na sababu yake haina budi kutafutwa katika historia ya Uingereza yenyewe.

Maana zake katika Kiingereza cha Kale

Maandishi ya Kiingereza cha Kale, yaani Kiingereza kilichotumika tangu karne ya 7 mpaka karne ya 11 hivi, yanaonyesha kwamba "ræd" lilikuwa na maana nyingi zinazoshikamana. Maana ya kwanza ni shauri ambalo mtu humpa mwenziwe. Maana ya pili ni azimio au mpango unaofikiwa baada ya kushauriana. Maana ya tatu ni manufaa, yaani lile jambo ambalo ingefaa mtu alitende. Katika utenzi wa kale wa Beowulf, mfalme mzee Hrothgar anamuusia shujaa kijana achague manufaa ya milele badala ya kiburi, na manufaa hayo yanatajwa kwa neno hili hili katika hali ya wingi. Kwa watu wa zama zile shauri na manufaa vilikuwa kitu kimoja, na shauri lisilofaa halikustahili hata kuitwa "ræd". Waliliita "unræd", kwa kutanguliza kiambishi cha kukanusha.

Kitenzi chake, "rædan", kilikuwa kipana zaidi. Kilimaanisha kushauri, kushauriana, kuamua, kutawala, kufumbua fumbo au ndoto, na hatimaye kusoma maandishi. Kwa mtazamo wa kwanza maana hizi zaonekana kuwa mbalimbali mno. Lakini zikitazamwa kwa makini zina shina moja, nalo ni kulifichua jambo lililofichika. Mshauri hutazama mambo yaliyotatanika akaeleza njia ipitikayo. Mfumbuzi wa ndoto hutazama picha akaeleza maana. Msomaji hutazama alama zilizochorwa akatoa maneno. Kijerumani cha leo kingali kinashuhudia uhusiano huu, maana kitenzi chake "raten" humaanisha kushauri na pia kukisia au kufumbua.

Kutokana na kitenzi hicho lilipatikana jina "rædels", lililokuwa na maana ya oni, kisio na kitendawili. Mwishoni mwa jina hilo mlikuwa na sauti "s" iliyokuwa sehemu ya neno lenyewe. Baadaye wasemaji waliidhania kuwa ni alama ya wingi, wakaiondoa ili kupata umoja, na hivyo likazaliwa neno "riddle", kitendawili. Kijerumani na Kiholanzi hazikufanya kosa hilo, nazo mpaka leo husema "Rätsel" na "raadsel". Waingereza wa kale walikuwa wapenzi wakubwa wa vitendawili. Hati ya Exeter, ambayo Askofu Leofric aliyefariki mwaka 1072 aliiachia kanisa lake, ina vitendawili vya kishairi vinavyokaribia 100, na kimojawapo kinamwagiza msikilizaji, kwa kitenzi hiki hiki, akifumbue kinachokusudiwa. Kwa hiyo kutega na kutegua, kushauri na kusoma, vyote vilikaa nyumba moja.

Neno hili liliingia pia katika majina ya watu. Alfred ni "ælf", jini wa mwituni katika imani za kale, pamoja na "ræd". Conrad, jina la Kijerumani, ni shauri la ujasiri. Ralph lilitokana na majina ya kale yaliyounganisha shauri na mbwa mwitu. Majina haya yalifika Afrika Mashariki kwa njia ya ubatizo, na wengi wanaoitwa kwayo hawana habari kwamba wamebeba neno la shauri.

Mfalme asiye na shauri

Mfano mashuhuri kuliko yote wa matumizi ya neno hili ni jina la mfalme Æthelred wa Pili, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 978 mpaka 1016, isipokuwa kwa muda mfupi alipokuwa uhamishoni. Jina lake limeundwa kwa "æthele", lenye maana ya uungwana au utukufu, na "ræd". Maana yake basi ni shauri tukufu. Watu wa baadaye walimfanyia mzaha wakamwita Æthelred Unræd, yaani Shauri Tukufu, Shauri Baya. Wanahistoria wameonyesha kwamba lakabu hii haikuandikwa popote wakati wa uhai wake. Ilianza kuonekana katika maandishi zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake.

Hata hivyo lawama yenyewe ilikuwa ya kale. Kuna kitabu cha matukio kilichoandikwa kwa Kiingereza mwaka baada ya mwaka, kijulikanacho kama Tarehe za Waanglo-Saksoni. Kitabu hicho chasema kwamba mwaka 991, baada ya vita vya Maldon, Waingereza waliwalipa maharamia wa Kideni ratili 10,000 za fedha ili wawaache, na kwamba aliyetoa shauri hilo kwanza alikuwa Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury. Neno lililotumika ni "ræd". Mwaka 994 walilipa 16,000, na mwaka 1002 walilipa 24,000. Kila walipolipa, adui alirudi. Mwandishi alipofika mwaka 1011, ambao katika mwaka huo Canterbury yenyewe ilitekwa, alieleza kwamba misiba yote hiyo ilisababishwa na mashauri mabaya, akatumia wingi wa "unræd". Lawama yake ilikuwa kwamba maadui hawakulipwa kwa wakati wala hawakupigwa vita kwa wakati.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Sehemu hiyo ya kitabu iliandikwa na mtu mmoja baada ya mfalme kufa na nchi kutwaliwa na Wadeni, na mwandishi aliyekwisha kujua mwisho wa hadithi huona makosa tangu mwanzo wake. Wanafunzi wa Tarehe ya Pate watalielewa tatizo hili bila ya maelezo marefu. Mwanahistoria Simon Keynes, katika maandishi yake ya mwaka 1978 na 1980, alionyesha jinsi sifa ya Æthelred ilivyozidi kuharibika kadiri miaka ilivyopita. Lakini kwa mwanaisimu ushahidi huu una thamani ya namna nyingine. Watu wa zama zile walipotaka kueleza kwa nini dola imeanguka, hawakuutaja kwanza uchache wa askari wala wa fedha. Walitaja shauri. Neno "ræd" lilikuwa kipimo cha utawala.

Kilichofuata katika historia ya lakabu hiyo kinaonyesha vizuri jinsi neno linavyosahauliwa. Maana ya "unræd" ilipofifia, watu walilichanganya na neno "unready", yaani asiye tayari. Neno "ready" lina asili nyingine kabisa, inayohusiana na kitenzi cha kupanda farasi. Hivyo mfalme aliyelaumiwa kwa kukosa shauri jema amejulikana shuleni kwa karne nyingi kuwa mfalme aliyekosa kujiandaa. Lawama ilibadilika kwa sababu neno lilikuwa limekwisha kufa.

Kuingia kwa "counsel" na "advice"

Baada ya mwaka 1066 ardhi, makanisa makubwa na viti vya hukumu vilishikwa na Wanormani. Kiingereza kiliendelea kusemwa na watu walio wengi, lakini mfalme aliposhauriana na wakuu wake walitumia Kifaransa, na waandishi wao walitumia Kilatini. Neno la shauri penye mamlaka likawa "conseil", kutoka Kilatini "consilium", ambalo kwa Kiingereza limekuwa "counsel". Kilatini kilikuwa pia na neno jingine, "concilium", lenye maana ya mkutano. Maneno hayo mawili yalichanganywa kwa muda mrefu katika Kifaransa na katika Kiingereza, mpaka tahajia ikaja kuyatenga kuwa "counsel" kwa shauri na "council" kwa baraza.

Neno la zamani halikukubali kufa mara moja. Tarehe 18 Oktoba 1258 mfalme Henry wa Tatu, akiwa amebanwa na wakuu wa nchi, alitoa tangazo kwa lugha zaidi ya moja, na mojawapo ilikuwa Kiingereza. Jambo hilo lilikuwa nadra sana katika zama zile. Mahali ambapo nakala ya Kifaransa inalitaja baraza la mfalme kwa neno "conseil", nakala ya Kiingereza inasema "rædesmen", yaani watu wa shauri. Hati hii ni ushahidi kwamba miaka 192 baada ya kushindwa kwao Waingereza walikuwa wangali na neno lao la kulitajia baraza la serikali, tena mwandishi alitazamia kwamba litaeleweka mikoani. Kilichokosekana ni baraza lenyewe kusema lugha hiyo.

Mwaka 1362, chini ya Edward wa Tatu, ilipitishwa sheria iliyoamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukifahamu Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wanasheria waliendelea kuandika kumbukumbu zao kwa Kifaransa chao cha mahakamani mpaka karne ya 17, na ni mwaka 1733 tu ndipo Kilatini na Kifaransa hicho vilipokomeshwa katika shughuli za mahakama. Kiingereza kilipokuwa kikirudi polepole kwenye viti vya hukumu na vya utawala kilikuta maneno ya kazi yamekwisha kuwekwa. Majina ya mahakama, hakimu, bunge na shauri yalikuwa ya Kifaransa. Wasemaji wa Kiingereza waliingia barazani, lakini "rædesmen" hawakuingia pamoja nao. Wakili wa mahakama za Kiingereza huitwa "counsel" mpaka leo, na desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na sheria za Kiingereza mpaka mahakama za Kenya.

Neno la pili, "advice", lina historia fupi zaidi. Asili yake ni Kifaransa "avis", lenye maana ya oni, ambalo mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini cha kuona. Shauri katika neno hili ni vile mambo yanavyoonekana machoni pa msemaji. Herufi "d" haikuwamo. Iliongezwa baadaye na watu waliotaka neno lifanane na maneno ya Kilatini yanayoanza kwa "ad". Msomaji wa Kiswahili hataona ajabu katika safari hii ya maana kutoka kuona mpaka kushauri, kwa kuwa sisi kutokana na "ona" tumepata "maoni", na kutokana na "onya", ambacho kwa asili ni kumfanya mtu aone, tumepata "maonyo".

Wako watakaosema kwamba neno "rede" lilikufa kwa sababu za kifonetiki tu. Baada ya mabadiliko ya irabu za Kiingereza lilikuja kufanana kimatamshi na "read", kusoma, na "reed", tete, na neno lenye sauti sawa na mengine hupata taabu ya kuishi. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Maneno "read" na "reed" yana sauti moja na yote mawili yanaishi bila ya ugomvi. Mgongano wa sauti hulimaliza neno ambalo limekwisha kunyang'anywa kazi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shakespeare aliweza bado kulitia neno hili kinywani mwa Ophelia katika tamthilia ya Hamlet, anapomwasa kaka yake asiwe mtu wa kutofuata shauri lake mwenyewe. Mwaka 1786 mshairi Robert Burns wa Scotland alilitumia katika shairi la kumuusia kijana. Lakini kufikia hapo lilikuwa neno la washairi na la pembezoni mwa nchi. Mahakamani na bungeni halikuwa na kazi.

Kilichosalia: kusoma

Maana ya kusoma ndiyo iliyonusurika, na kunusurika kwake kwahitaji maelezo. Lugha nyingine za Kijermaniki hazikutumia kitenzi hiki kuwa neno la kawaida la kusoma. Kijerumani husema "lesen", ambacho kwa asili ni kukusanya, na maana yake ya kusoma inafuata mfano wa kitenzi cha Kilatini chenye maana hizo mbili. Kigothi, katika Biblia iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4, kilitumia kitenzi kilichotokana na kuimba, kwa kuwa kusoma kulikuwa kutoa sauti mbele za watu. Watu wa Skandinavia walitumia ndugu wa "rædan" kwa kuyafumbua maandishi ya kale yaitwayo runi, na baadhi ya mawe yao ya kumbukumbu yanamtaka mwenye kuweza ayafumbue. Baadaye nao walichukua neno la kukusanya. Waingereza peke yao walibaki na fikira kwamba kusoma ni kufumbua fumbo.

Mtu aliyechangia sana kulitia neno hili shuleni ni mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899. Katika dibaji aliyoiandika kwa tafsiri ya kitabu cha Papa Gregory juu ya kazi ya uchungaji, alisikitika kwamba elimu ya Kilatini imeanguka. Alitaka vijana wote waungwana wenye uwezo wafundishwe mpaka waweze kusoma vizuri maandishi ya Kiingereza, na kwa kusoma alitumia kitenzi cha mzizi huu. Tangu hapo neno lilipata kazi ambayo Wanormani hawakuiondoa, kwa kuwa kila aliyefundishwa kwa Kiingereza, hata akiwa maskini, alifundishwa kwa kitenzi hicho. Tahajia ikaja kukamilisha utengano. Umbo "read" likaachiwa kusoma, na "rede" likaachiwa shauri, kana kwamba ni maneno mawili yasiyohusiana. Mzizi huo umebaki pia katika kiambishi "-red" cha maneno "kindred", ukoo, na "hatred", chuki, ambamo hakuna amtambuaye.

Shauri katika Kiswahili

Baada ya kuyaona hayo, yafaa tuligeukie neno letu wenyewe. "Shauri" ni la asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye konsonanti tatu sh-w-r, ambao ndio uliozaa pia "shura", mashauriano ya watu. Wanaleksika wa Kiarabu huutaja mzizi huu pia katika kutoa asali mzingani. Yaani sisi tuko katika hali ya Mwingereza aliyesema "counsel". Tulilichukua neno la wageni. Na si hilo tu. "Nasaha", "wasia" na "mawaidha" vilevile ni ya Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 ili kumuusia bintiye, jina la kazi aliyokuwa akiifanya lilikuwa la Kiarabu.

Je, hii ni dalili ya unyonge? La. Kuna tofauti iliyo wazi. "Counsel" liliingia Uingereza kwa lugha ya wachache waliolikalia baraza, huku wenye nchi wakiwa nje. "Shauri" liliingia katika Kiswahili kilichokuwa kikisemwa barazani kwenyewe, pwani, na wenyeji wa lugha hiyo. Kwa hiyo lilifanyiwa sarufi ya Kibantu tangu mapema. Limeingia katika ngeli ya li-ya, likazaa "shauriana", "mashauriano", "mshauri" na "ushauri". Limepanuka kama lilivyopanuka "ræd", likataja shauri, mpango, jambo, kesi na hata sababu, kama tusemapo "kwa shauri ya mvua". Pana tofauti ya kupendeza kati ya "shauri lako" na "shauri yako". La kwanza ni ushauri utoao, na la pili ni kauli ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kukushauri. Kauli hii ya pili iko karibu sana na "unræd" ya Waingereza wa kale, maana nayo hutangaza kwamba shauri limeondoka na msiba uko njiani.

Nguvu ya neno hili ilidhihirika pale wageni walipolichukua. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, akiwamo Henry Morton Stanley, waliliandika katika vitabu vyao vya Kiingereza bila ya kulitafsiri. Maofisa wa Kijerumani waliotawala Tanganyika walikiita kikao cha kusikiliza kesi za wenyeji "Schauri", ingawa lugha yao ilikuwa na "Rat". Walilazimika kufanya hivyo kwa sababu baraza walilolikuta lilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa likifanya kazi.

Hitimisho

Tumeona kwamba "ræd" halikufa kwa uchache wa wasemaji, wala kwa upungufu wa maana, wala kwa kukosa fasihi. Lilikuwa na utenzi, vitendawili, majina ya wafalme na hati ya serikali ya mwaka 1258. Lilikufa kwa kuwa kwa karne kadhaa halikutumiwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuamua, na lugha yake iliporudi barazani mahali pake palikuwa pamekwisha kukaliwa.

Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Mijadala ikaendeshwa kwa Kiswahili, lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala. Msomaji ataikumbuka ile sheria ya mwaka 1362 iliyoamuru watu waseme Kiingereza, nayo imeandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kukitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ruhusa basi ipo. Lakini ruhusa ya kusema haitoshi iwapo sheria inatungwa kwa lugha nyingine, kwa kuwa istilahi huzaliwa pale kalamu inapoandika amri.

Kazi ya idara zetu za lugha haiwezi kukoma katika kutunga orodha za istilahi na kuzifundisha darasani. Shule, kama tulivyoona, yaweza kuliokoa neno la kusoma, lakini Alfred na shule zake hawakuweza kuliokoa neno la shauri. Hilo huokolewa na hakimu anayeandika hukumu kwa Kiswahili, na mbunge anayeuandika mswada wake kwa Kiswahili kabla ya kuutetea. Wazee husema kwamba kwenye wengi hapaharibiki neno. Waingereza wa kale walikuwa wengi, na neno lao la shauri liliharibika, kwa sababu wengi hao hawakuwa barazani.